Maswali ya wasomaji: Jicho zima linafika wapi likiangalia pembeni?

Mwezi huu maswali mengi yamekuja ya aina moja, watu wanauliza macho yanatakiwa yageuke kiasi gani kulia na kushoto, nani anapima na anapimaje. Mengine nimeyaunganisha maana yalikuwa yanauliza kitu kile kile. Naongelea watu wazima wenye macho mazima tu hapa, watoto wana mambo yao tutayaongea siku nyingine.

"Dokta habari za kazi. Nilienda kupima macho, yule dada mpimaji akashika kalamu akanambia niifuate kwa macho bila kugeuza kichwa, akaipitisha kama anachora herufi H hewani, haikufika hata dakika moja akaandika 'kawaida'. Sasa kawaida ni ngapi? Mbona presha ya jicho wanaipa namba na hii hawaipi?"

Nzuri tu, karibu. Kwanza tuelewe yule dada alikuwa anatafuta nini. Kila jicho lina misuli 6 ya kulizungusha ila kwa kwenda pembeni kazi kubwa wanafanya wawili tu, mmoja yuko upande wa sikio analivuta jicho nje, mwingine yuko upande wa pua analivuta ndani. Wa nje anaendeshwa na neva ya 6 ya kichwa, wa ndani anaendeshwa na neva ya 3. Ukiangalia kulia, msuli wa nje wa jicho la kulia na msuli wa ndani wa jicho la kushoto wanapewa amri moja kwa nguvu sawa, hiyo ndo inaitwa kanuni ya Hering, kwahiyo kwa kalamu moja tu mpimaji anaona pande zote mbili zinaenda pamoja au kuna jicho linabaki nyuma. Hicho kubaki nyuma ndo alikuwa anakitafuta, namba wala hakuwa nayo kichwani.

Na anajuaje kama jicho limefika? Kuna alama za kuangalia. Likienda nje, ukingo wa duara la rangi unafika kona ya nje ya jicho au unaikaribia kabisa, weupe unaisha au unabaki kidogo sana. Likienda ndani, tafuta kile kitundu kidogo cha kupitishia machozi kilichopo kwenye kope ya chini karibu na pua, piga mstari wa kufikirika kwenda juu kutoka hapo, kama theluthi moja ya konea, yaani kile kioo cha mbele kinachofunika duara la rangi, inakuwa imeshauvuka. Jicho likifika hapo anaandika 0 au "kawaida". Lisipofika anaanza kushusha, -1, -2, mpaka -4 ambayo ni jicho lililogoma kuvuka katikati. Hizi ni alama za kukadiria kwa kuangalia, mpimaji mmoja anaweza kusema -1 mwenzie akasema mbona sawa tu, na wote ni wazoefu.

Ukitaka namba sasa: kwenda nje ni nyuzi 45 mpaka 50 hivi na kwenda ndani ni karibu hivyo hivyo. Ina maana kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia jicho moja linazunguka nyuzi 90 mpaka 100. Kwenda juu ndo kudogo kuliko kote, hasa umri ukisogea.

Na kwa nini hawaandiki, ni kwa sababu kwa mtu asiye na lalamiko lolote namba hiyo haibadilishi kitu. Presha ya jicho inaweza kupanda miaka na miaka bila wewe kuhisi chochote ndo maana lazima iandikwe, lakini jicho likishindwa kugeuka mwenye jicho huwa anajua haraka sana, anaanza kuona vitu viwili viwili. Namba inatafutwa pale neva ya 6 imepooza na tunataka kujua inarudi au hairudi, au mtu ana ugonjwa wa tezi ya thairoidi ambao umeingia kwenye misuli ya macho, au amevunjika mfupa wa tundu la jicho, au anajiandaa kwa operesheni ya makengeza. Hapo "kawaida" au "imepungua kidogo" haitoshi, unataka kujua mwezi uliopita ilikuwa ngapi na leo ni ngapi.

Halafu nikwambie kitu, hizo nyuzi 50 zenyewe hatuzitumii. Maisha ya kila siku ukitaka kuangalia kitu kilichopita nyuzi 15 au 20 hivi kichwa kinageuka chenyewe bila hata wewe kuamua. Kule mwisho tunafika tukiwa tumeshikwa kidevu na mpimaji, au tukimchungulia mtu asijue.

"Naomba kujua kama naweza kujipima mwenyewe nyumbani kwa rula. Niliona mtu anasema jicho zima linasogea milimita 10. Nimejaribu mbele ya kioo sipati hata 6, nimeingiwa na hofu."

Toa hofu, hujapima vibaya macho, umesoma ukingo ambao sio. Naona wengi mnaangukia hapo hapo.

Kipimo chenyewe kipo kweli na kinatumika, kinajulikana kwa jina la Kestenbaum. Unahitaji rula ya plastiki inayoonyesha upande wa pili, yenye milimita, inashikwa kwa kulala mbele ya jicho bila kuligusa. Mtu anaangalia mbele, unasoma mpaka wa rangi na weupe uko kwenye milimita ngapi, halafu anaangalia pembeni mpaka mwisho, unasoma tena mpaka ule ule, tofauti ndo jibu. Kwa mtu mzima mwenye macho mazima inakuja 10 hivi kwenda nje na 10 hivi kwenda ndani, kwenda juu 5 mpaka 7.

Sasa mpaka upi? Duara la rangi lina kingo mbili, wa upande wa pua na wa upande wa sikio. Jicho likienda nje unasoma ukingo wa upande wa PUA, likienda ndani unasoma wa upande wa SIKIO, yaani kila mara ule unaokuja nyuma na sio ule unaotangulia. Watu wengi wanasoma unaotangulia kwa sababu ndo unaovutia kuangalia. Shida ni kwamba jicho ni mviringo, na ukingo unaotangulia ukishafika kule mbali unaanza kukunja kona kurudi nyuma, ukiuangalia kutoka mbele unaonekana hausogei tena wakati jicho bado linazunguka, na hapo hapo kona ya jicho inaufunika. Ukingo wa nyuma wenyewe unapita mbele mbele ya rula, kila nyuzi inaonekana.

Fanya hesabu kidogo uone. Jicho la mtu mzima lina kipenyo cha milimita 24 hivi, kwahiyo mzunguko wake wote ni kama milimita 75, gawanya kwa nyuzi 360 unapata kwamba kila milimita 1 ya juu ya jicho ni karibu nyuzi 5. Milimita 10 mara 5 ni 50, umerudi kwenye namba ile ile niliyompa msomaji wa kwanza. Ukingo unaotangulia kwa mzunguko huo huo utakupa 5 au 6 tu, ndo hiyo yako. Macho yako yako salama.

Kujipima mwenyewe kwenye kioo sikushauri lakini, maana ukipeleka jicho mwisho hulioni tena kwenye kioo vizuri, utaishia kugeuza kichwa bila kujua. Mpe mtu simu akupige picha tatu, ukiangalia mbele, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, simu isihame na kichwa kisihame, kiegemeze ukutani. Rula kwenye picha huhitaji hata, kwa sababu upana wa duara la rangi kwa watu wazima karibu wote ni milimita 11.5 mpaka 12, hilo linakupa skeli. Pima upana wa duara kwenye ile picha ya kuangalia mbele, kisha pima ukingo wa nyuma umehama kiasi gani kutoka kona ya jicho, ufanye uwiano. Ni makadirio lakini ni bora kuliko kioo.

"Mi nimepimwa na rafiki yangu anayesomea macho, kulia nimepata 9 kushoto 10, nina tatizo jicho la kulia?"

Hapana. Milimita 1 kwa rula ya mkono ndo makosa ya kawaida ya kipimo chenyewe, mkono ukitetemeka kidogo au yeye akiinamisha kichwa chake unaipata hiyo hiyo. Mwambie arudie mara tatu kila jicho kwa kubadilisha mpangilio, mara aanze kulia mara aanze kushoto, aone kama kulia kunabaki nyuma kila mara. Ikibaki nyuma kila mara na kwa milimita 2 au 3, hapo nenda kwa mtaalamu. Na kama unaona vitu viwili ukiangalia upande fulani nenda hata kama rula inasema 10 na 10.

"Shikamoo dokta. Nikiangalia pembeni sana macho yanakuwa kama yanachezacheza, mume wangu ameniambia yanaruka. Pia weupe hauishi kabisa upande wa nje. Je ni neva?"

Marahaba dada. Kuchezacheza kule mwisho kabisa ni jambo la kawaida kwa watu wengi wenye macho mazima. Misuli inajitahidi kulishika jicho mahali ambapo halitaki kukaa, linateleza kurudi katikati kidogo, ubongo unalirudisha, linateleza tena. Huwa ni kidogo, linaruka mara chache linatulia, liko sawa kulia na kushoto, na ukirudisha macho ndani kidogo tu linaacha. Lisilo la kawaida ni lile linaloendelea bila kuacha, au lipo upande mmoja tu, au linakuja hata ukiwa unaangalia karibu na katikati, au linakuja na kizunguzungu na kuyumba ukitembea. Hilo halisubiri gazeti.

Weupe kubaki milimita 1 au hata 2 upande wa nje, macho yote mawili yakiwa sawa, wala isikusumbue. Umbo la kope na kona za macho linatofautiana sana mtu na mtu, mwenye macho mapana weupe utabaki na mwenye macho membamba utaisha mapema wakati nyuzi ni zile zile. Ndo maana mimi mwenyewe nikiwa na wasiwasi siamini sana hizo alama za kona, natafuta rula.

"Mimi naona mkono wangu hata ukiwa usawa wa sikio, hiyo si nyuzi 90? Mnasemaje jicho linaishia 50?"

Unachanganya vitu viwili kaka. Kuona pembeni ukiwa umetulia ukiangalia mbele ni upana wa kuona, na kweli upande wa nje unafika nyuzi 90 na kidogo. Hapo jicho halijasogea, retina ya pembeni, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ndo inakamata. Sisi tunaongelea jicho kuzunguka ili kitu kiingie katikati ya retina pale unapoweza kusoma herufi. Jaribu: weka maandishi usawa wa sikio, kichwa mbele, uone kama utasoma hata neno moja.

"Niko mwaka wa mwisho chuoni, nataka kufanya project ya kupima macho yanaenda pembeni kiasi gani kwa watu wazima wenye afya, ili tupate namba za kulinganishia wagonjwa. Msimamizi ameniuliza nitatumia kifaa gani na kwa nini, nimekwama. Niende na vifaa vya kisasa?"

Nimefurahi na hili, wacha nikae nalo kidogo.

Cha ajabu ni kwamba vifaa vya bei kubwa vingi vinakosa nguvu pale pale unapotaka kupima wewe, yaani kule mwisho. Chukua vile vya kubandika elektrodi pembeni ya macho, vinafanya kazi kwa sababu jicho lina chaji kama betri, upande wa konea ni chanya ukilinganisha na nyuma, likizunguka volti inabadilika. Vizuri sana mpaka kama nyuzi 30, ukipita hapo uhusiano wa volti na nyuzi haunyooki tena. Kamera za infraredi zinafuata mboni, lakini jicho likienda mbali mboni inaonekana kama yai lililolala, kope na kona zinaifunika nusu, programu inapotea. Ipo ile lenzi yenye koili ya waya inayokaa juu ya jicho ndani ya uga wa sumaku, mtafiti mmoja anaitwa Robinson aliielezea mwaka 1963, hiyo ni sahihi kupita zote, lakini ni lenzi ndani ya jicho na dawa ya ganzi, watu wazima wenye afya wangapi watakubali kwa ajili ya project yako?

Kwahiyo mimi ningeenda na kitu cha zamani, ile bakuli nyeupe ya Goldmann ya kupimia upana wa kuona kama chuo wanayo. Kidevu kinakaa kwenye kishikio, paji la uso linaegemea, jicho moja linafunikwa, unaweka alama ndogo ambayo ni lazima mtu aiangalie moja kwa moja ndo aione vizuri, unaisogeza taratibu kutoka katikati kwenda pembeni, anaifuata kwa jicho, pale inapoanza kufifia anasema, nyuzi unazisoma kwenye bakuli lenyewe. Udhaifu wake upo: unategemea mtu kusema ukweli na kwa wakati, na upande wa ndani pua inaingilia, mwenye pua ndefu alama inajificha nyuma ya pua kabla jicho halijafika mwisho na wewe utaandika jicho limechoka kumbe ni pua. Kwa hiyo pima na rula pia, ile haiulizi mgonjwa anaona nini, unasoma wewe. Ukiwa na njia mbili kwa watu wale wale utaweza kusema zinakubaliana wapi na zinapishana wapi, na hiyo peke yake ni kazi nzuri hata kama namba zako zitakuwa zile zile za vitabuni.

Sasa kifaa ni nusu ya mambo. Kichwa ndo adui mkubwa. Mtu ukimwambia aangalie mwisho kabisa kichwa kinajipindua nyuzi 3, 4, 5 bila yeye kujua na wewe usipoangalia kinaingia kwenye hesabu kama jicho. Mfunge paji la uso kwa mkanda laini au msaidizi amshike. Halafu maneno ya maelekezo yawe yale yale kwa kila mtu, andika kwenye karatasi usome, kwa sababu ukimwambia mmoja "angalia pembeni" na mwingine "jitahidi, jitahidi, bado kidogo" umepima bidii yako sio macho yao. Pima jicho moja moja huku lingine limefunikwa, na ukipata muda rudia yakiwa wazi yote mawili. Kwa wenye afya tofauti haitakuwa kubwa, lakini kwa mgonjwa mwenye msuli dhaifu jicho likiwa peke yake mara nyingi linajikongoja mbele kuliko yakiwa wazi yote mawili, kwahiyo daktari atakayetumia namba zako lazima ajue ulipima kwa namna ipi.

Kuhusu nani aingie, "afya" iandikwe vizuri. Asiwe na makengeza au historia ya operesheni ya makengeza, asiwe anaona vitu viwili, asiwe na ugonjwa wa thairoidi, asiwe amewahi kuumia tundu la jicho, na magonjwa ya neva na misuli yaondolewe. Uliza pia dawa, kuna za kifafa na za usingizi zinazolegeza macho na kuyafanya yachezecheze. Gawanya kwa umri usichanganye wa miaka 20 na wa 70 kwenye kapu moja. Na tafadhali rudia kupima baadhi yao siku nyingine, na umpe mtu wa pili apime bila kuona namba zako, kwa sababu daktari akipata mgonjwa aliyetoka 45 akaja 41 swali lake la kwanza ni je hizo nyuzi 4 ni ugonjwa au ni mkono wa mpimaji. Wastani wako hautamjibu hilo. Kiasi cha kupishana kati ya kipimo na kipimo ndo kitamjibu, na ndo kitu watu wengi wanasahau kuandika.

"Baba ana miaka 74, naona macho yake hayaendi kama ya kwetu. Kuna mazoezi ya kuongeza?"

Umri unapunguza, hilo ni kweli, lakini unapunguza zaidi kwenda juu, kulia na kushoto ni kidogo. Mazoezi ya kuzungusha macho hayataongeza nyuzi kwa jicho zima, misuli ile ina nguvu kuliko inavyohitajika kulizungusha jicho. Yapo mazoezi ya kuleta macho yote mawili karibu na pua kwa wanaoshindwa kusoma karibu kwa sababu hiyo na yanasaidia, ila hiyo ni habari nyingine. Cha kumuuliza baba ni kama imekuja ghafla, kama anaona vitu viwili na vinaungana akifunika jicho moja, kama kope imeshuka, kama mboni moja imekuwa kubwa, kama kichwa kinauma kuliko alivyozoea. Moja ya hizo ikiwepo aende hospitali leo leo. Kama ni taratibu ya miaka na halalamiki, apimwe tu kwa nafasi yake.

"Nipime na miwani au bila?"

Bila. Fremu inazuia mpimaji kuona kona za jicho na rula haikai, na lenzi zenyewe zinadanganya, mwenye miwani ya kuona mbali jicho lake linageuka kidogo kuliko alama ilivyo kwenye bakuli, mwenye ya kuongeza ukubwa linageuka zaidi. Kama bila miwani alama haionekani kabisa tumia lenzi za kuvaa ndani ya jicho, au tumia alama kubwa na utegemee rula.